Mlingoti wa Antena: Tuanze na Mahali Utakapoangukia

Ndugu msomaji, wiki tatu zilizopita, jua likiwa limekwisha tua, nilipigiwa hodi na mtu ambaye mkono wake wa kulia una vidole vitatu tu. Tuliamkiana kama ilivyo desturi yetu, "Shikamoo, kaka," nami nikaitikia, "Marahaba, mdogo wangu," na baada ya chai akanieleza haja iliyomleta. Amejenga nyumba yake upande wa pili wa vilima vya Pugu, bondeni, njia ya kuelekea Kisarawe, na amemchukua mama yake mzazi akae naye. Macho ya mama huyo yamekwisha nguvu. Hawezi kusoma gazeti wala kutazama televisheni, na simu ya kisasa ya mjukuu wake, kwake yeye, ni kipande cha kioo tu. Maisha yake yote amesikiliza redio. Lakini kule bondeni redio hukoroma. Sauti ya Dar es Salaam huja mara moja, kisha hutoweka katikati ya sentensi.

"Nataka tumsimamishie antena," akasema. "Na nataka uje wewe."

Nilikaa kimya kwa muda. Vile vidole viwili visivyokuwapo vilipotea tarehe 30 Juni 1990, siku tuliyokuwa tukisimamisha mlingoti wa antena, na mtu aliyeachia kamba siku hiyo ni mimi.

Safu ya leo ina mambo mengi ya vipimo na vyuma, na msomaji anayetaka kusimamisha antena nyumbani kwake nadhani atayapata aliyoyatafuta. Hata hivyo naomba nianze na kisa hicho, kwa kuwa karibu kila jambo nitakaloagiza baadaye limetoka humo.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Temeke, katika nyumba moja na mama huyu na kijana wake, aliyekuwa na umri wa miaka 19 akijifunza cherehani. Nyumba ya pili alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi za bandarini. Mzee huyo alikuwa na redio kubwa ya masafa mafupi, na kila jioni nusu ya mtaa ilikusanyika barazani kwake. Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Italia. Kameruni ilikuwa imeifunga Argentina katika mchezo wa ufunguzi, kisha ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali, na usiku wa Jumapili tarehe 1 Julai ilikuwa ikutane na Uingereza. Mzee akaapa kwamba mchezo huo hautasikilizwa kwa mikwaruzo.

Antena aliyoitaka ilikuwa waya mmoja wa shaba wa kiasi cha mita 15, yaani nusu ya wimbi la mita 31 lililotumiwa na stesheni nyingi za ng'ambo. Ncha moja ya waya ilikuwa ifungwe kwenye mnazi uliokuwa pembeni mwa kiwanja, na nyingine juu ya mlingoti. Mlingoti wenyewe ulikuwa mabomba mawili ya maji ya inchi moja na nusu, kila moja mita 6, yakaungwa kwa soketi. Jumla mita 12. Hakuna aliyeuliza kwa nini ziwe 12. Mabomba yalikuwa mawili, basi yakaungwa yote mawili. Na mita 8 tu kutoka kwenye shimo tulilochimba, ng'ambo ya uchochoro, zilipita nyaya za umeme zilizo tupu, zisizo na mpira wowote, kama zilivyo hadi leo katika mitaa mingi. Sisemi kwamba hatukuziona. Tuliziona sote.

Ilikuwa Jumamosi alasiri na kusi ikivuma. Tulikuwa watu watano. Mzee alisimama kando akitoa amri, kijana alilikumbatia shina la bomba, na sisi watatu tukashika kamba za katani. Mimi nilipewa kamba ya kusini. Kwa pupa ya kutaka kusikia matokeo ya kazi yetu, tulikuwa tumekwisha ufunga waya wa antena kwenye mnazi kabla mlingoti haujawa imara. Bomba lilipofika wima, upepo ulikuja kwa mkupuo, mnazi ukainama, waya ukakaza na kuuvuta mlingoti kuelekea kaskazini, na kaskazini ndiko ulikokuwa umeme. Kamba ilinichoma viganja. Nilizama mchangani hadi vifundoni, nikaserereka hatua mbili, tatu, kisha nikaachia.

Hapakuwa na mshindo mkubwa. Ulisikika mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, kisha mtaa mzima ukazimika. Fyuzi ya nguzo ilikatika, na hilo ndilo lililomwokoa kijana. Habari kwamba Kameruni imefungwa mabao 3 kwa 2 tulizipata Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa hospitali, kutoka kwa mlinzi wa zamu, na hakuna hata mmoja wetu aliyezijali.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba mtu mwenye nguvu zaidi yangu angeishika ile kamba. Nilikuja kupiga hesabu baadaye nilipokwisha jifunza kazi hizi. Bomba la inchi moja na nusu huwa na uzito wa kiasi cha kilo 3 na nusu kwa kila mita. Mita 12 ni kilo 42 au zaidi kidogo. Bomba hilo likisimama wima, mtoto anaweza kulizuia kwa mkono mmoja, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Likiinama hata kilele chake kikatoka nje ya wima kwa mita 4 tu, mtu aliyelishika shina kwenye kimo cha kiuno chake huhitaji nguvu ya zaidi ya kilo 70 kulizuia lisiendelee, na kadiri linavyoinama ndivyo nguvu hiyo inavyokua. Bado sijaongeza mnazi wala upepo. Nguvu ya upepo nayo haikui kama tunavyodhani: upepo ukienda kasi mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Upepo unaopepea kanga kwenye kamba ya nguo na upepo unaong'oa bati si ndugu, ijapokuwa huitwa kwa jina moja. Hesabu hiyo haikunipunguzia deni langu, lakini ilinionyesha kwamba deni lilianza asubuhi, tulipochagua mahali pa kuchimba shimo.

Kuna faraja ndogo katika kujua kwamba walioanguka kabla yetu walikuwa wakubwa kuliko sisi. Guglielmo Marconi, alipotaka kupeleka ishara za simu isiyo na waya kuvuka bahari ya Atlantiki, alisimamisha huko Poldhu, pwani ya Cornwall nchini Uingereza, duara la milingoti 20, kila mmoja wenye kimo cha kiasi cha mita 60. Vilele vya milingoti hiyo viliunganishwa kwa nyaya, kila mmoja ukimtegemea jirani yake. Mhandisi wake Richard Vyvyan aliuonya mpango huo kwamba mmoja ukianguka utaivuta mingine. Tarehe 17 Septemba 1901 dhoruba iliiangusha. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule milingoti ya namna hiyo iliyosimamishwa Cape Cod, Marekani, nayo ikaenda chini. Ishara ambayo Marconi alisema ameipokea tarehe 12 Desemba 1901, kule St. John's katika kisiwa cha Newfoundland, ilipokelewa kwa waya ulioinuliwa na kishada, kama vile vishada wanavyorusha watoto wetu ufukweni. Nilipokisoma kisa hicho kwa mara ya kwanza niliuona mnazi wetu wa Temeke. Kosa ni lile lile: mlingoti uliofungwa kwenye kitu kinachotikisika wakati hauna bado miguu yake wenyewe.

Basi tulikwenda Kisarawe Jumamosi iliyofuata. Mama alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, redio iko ubavuni. "Shikamoo, mama," nikasema. Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyu si yule wa kamba?" Mwanawe akasema ndiye. Mama hakuongeza neno, akanyoosha mkono nikaushika, na tukatoka kwenda kupima.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kutembea. Tulichukua redio ndogo ya betri, tukaichomoa fimbo yake ya antena, tukazunguka kiwanja chote tukisikiliza. Nakusihi, ndugu msomaji, usinunue hata kipande cha bomba kabla ya kufanya matembezi haya. Mawimbi ya FM, yale ya megahezi 87 na nusu hadi 108, ni mafupi, kiasi cha mita 3 tu, na husafiri karibu sawasawa na mstari wa macho. Kilima huyatupia kivuli kama kinavyotupa kivuli cha jua jioni. Tena hugonga paa za mabati na miamba yakarudi, yakakutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, mahali pengine yakasaidiana na mahali pengine yakauana. Kwa hiyo hatua mbili za kulia huweza kuleta sauti ambayo mita mbili za juu hazikuileta. Kwenye kiwanja kile, nyuma ya choo, sauti ilikuwa nzuri kuliko barazani. Kwenye kona ya mashariki, karibu na mpapai, ilikuwa nzuri zaidi.

Jambo la pili, tulifunga antena ya majaribio juu ya mti mrefu wa kuangulia maembe, tukaipandisha polepole huku mjukuu akituambia kutoka ndani hali ya sauti. Kwenye mita 3, mikwaruzo. Kwenye mita 4, sauti na mikwaruzo. Kwenye mita 5 na nusu mjukuu akapiga kelele kwamba inasikika yote. Tukaipandisha hadi 7 na haikuongezeka kitu.

Hapo tukapata jibu la swali ambalo Temeke hatukuliuliza. Ulihitajika mlingoti wa bomba moja, mita 6, basi. Watu hudhani kwamba kila mita ya juu huleta stesheni mpya, na fahari ya mwenye nyumba nayo husaidia kuuongeza mlingoti. Upeo wa antena haukui hivyo. Kwenye nchi tambarare, antena yenye kimo cha mita 4 ina upeo wake wa kiasi cha kilomita 8. Ukiipandisha hadi mita 16, yaani mara nne, upeo huo unakuwa kilomita 16 na nusu, mara mbili tu. Sehemu kubwa ya safari huamuliwa na kimo cha mnara wa stesheni, ambao wewe huna uwezo nao. Kimo chako kinatakiwa kukutoa kwenye kivuli cha paa, cha miti na cha ukingo wa bonde. Kikishafanya hivyo, mita zinazobaki ni za upepo.

Jambo la tatu ndilo nililolitaja katika kichwa cha habari. Nilichukua kamba ya mita 10, nikamweka mjukuu katikati pale tulipokusudia kuchimba, nikazunguka naye duara zima kamba ikiwa imekaza. Ndani ya duara hilo hapatakiwi kupita waya wowote wa umeme: wa njia kuu, wa kuingia nyumbani, wala ule wa kuazima kwa jirani uliotundikwa juu ya miti. Kanuni ni kwamba umbali kutoka shina hadi waya wa umeme usipungue kimo chote, pamoja na antena, mara moja na nusu. Wako mafundi wanaotaka mara mbili, nami niko upande wao. Hapakuwa na waya. Lakini kona moja ya duara iligusa njia ya watoto wa shule, kwa hiyo tukasogea mita 2 kuelekea mpapai. Kama katika kiwanja chako duara hilo halipatikani, basi kiwanja chako si cha mlingoti. Weka antena darini, chini ya kenchi, kama paa si la bati, au itundike ukutani upande unaotazama mjini, ukubali sauti utakayoipata.

Ukuta, kwa kweli, ni mahali pazuri kuliko watu wanavyofikiri. Antena ndogo juu ya bomba la mita 3, likishikwa na vyuma viwili vilivyotobolewa ukutani chini ya kilele cha paa, haihitaji nyaya wala vigingi. Sikuichagua njia hiyo Kisarawe kwa sababu ukuta ule ni wa matofali ambayo hayajapigwa lipu, na nilipogonga kwa nyundo yalitoa vumbi.

Antena yenyewe ni kazi ya saa moja. Gawanya 143 kwa megahezi za stesheni unayoitaka zaidi, utapata urefu wake kwa mita. Kwa stesheni ya megahezi 98 ni mita 1 na sentimita 46. Urefu huo ukate katikati, upate mikono miwili ya sentimita 73, ya bomba jembamba la alumini au la shaba, ifungwe kwenye kipande cha plastiki ngumu bila kugusana. Kebo ya televisheni, ile ya ohm 75, hufungwa hapo katikati: waya wa ndani mkono mmoja, wavu wa nje mkono wa pili. Antena ielekeze ubavu wake kwenye stesheni, wala si ncha yake. Kama sauti haijakaa sawa, isimamishe wima badala ya kuilaza, maana stesheni hazirushi mawimbi kwa mkao mmoja. Pale kebo inapofungwa paka gundi au lami, maji yasiingie, na kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie chini kidogo ya tundu kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuifuata kebo hadi ndani ya redio. Nimeona redio nzuri zikifa kwa maji yaliyotembea ndani ya kebo kama ndani ya mrija.

Sasa miguu ya mlingoti. Nyaya za kuushikilia ziwe tatu, zimepakwa zinki, na vigingi vyake viwe mbali na shina kwa kiasi cha theluthi mbili ya kimo, hivyo kwa mlingoti wa mita 6 ni mita 4. Vigingi vikikaribia shina sana, nyaya zitaukandamiza mlingoti chini badala ya kuuzuia. Ili vigawanyike sawa, usikisie kwa macho. Funga kamba ya mita 4 kwenye shina, chora duara, halafu kwa kamba hiyo hiyo piga hatua kulizunguka duara. Utapata hatua sita kamili. Ruka moja, chukua moja. Hayo matatu ndiyo mahali pa vigingi, na ukipima kutoka kimoja hadi kingine utapata mita 6 na sentimita 93. Mjukuu, aliyeko kidato cha pili, alisema walifundishwa hivyo hivyo darasani na hakujua kwamba ina kazi.

Vigingi vyetu vilikuwa vyuma vya mita 1, vikapigwa kwa mshazari, vichwa vikiinamia nje, na kuzungushiwa zege. Waya usiufunge kwenye mti. Mti hucheza, na nimekwisha simulia mti uliwahi kutufanya nini. Usiufunge kwenye nguzo ya umeme, ambayo si mali yako na siku moja inaweza kukuua. Wala usiufunge kwenye kenchi. Na kwa akina mama wanaosoma ukurasa huu: waya huo si wa kuanikia nguo. Kanga tatu mbichi zikipigwa na upepo huwa tanga, na mlingoti unakuwa jahazi. Chini ya kila waya, kutoka ardhini hadi kimo cha mtu, tulifunga vitambaa vyeupe, watoto wanaokimbia usiku wasijikate shingo.

Chini ya shina hatukuchimba shimo la kulitumbukiza bomba. Tulisimika katika zege vipande viwili vya chuma bapa, vikatobolewa, na bomba likapitishiwa bolti moja kati yake, likawa kama mlango kwenye bawaba. Mlingoti wa namna hiyo hulala chini na kuamka. Antena hufungwa juu yake ukiwa umelala, kila nati hukazwa mtu akiwa amechuchumaa ardhini, na hakuna anayepanda popote. Zege tuliliacha likauke juma zima. Hilo nalo lilikuwa somo la 1990, siku ambayo hatukuweza kungoja hata saa moja.

Juma lililofuata, kabla hatujainua, mama aliomba aletewe kiti nje. Hakuona alichokuwa akitazama, ila alikaa akielekea upande wetu, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza redio.

"Kuna upepo?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni saa moja asubuhi."

"Na umeme uko wapi?"

Nikamwambia uko barabarani, mita zaidi ya 40, na nikamhesabia hatua.

"Kamba anaishika nani safari hii?"

Mwanawe alinitazama. Nikasema, "Safari hii, mama, kamba zimeshikwa na ardhi." Na ndivyo ilivyokuwa. Kamba mbili za muda, kushoto na kulia kwa mstari mmoja na ile bolti, zilikuwa zimekwisha fungwa kwenye vyuma vilivyopigwa ardhini, hivyo mlingoti haukuweza kwenda ubavuni hata kama sote tungeondoka. Nyaya mbili za nyuma zilikuwa tayari kwenye vigingi vyake, kwa urefu uliopimwa, ili bomba likifika wima zilizuie lisipitilize. Mwenye nyumba na kijana wa jirani waliliinua bomba kutoka kilele wakitembea kuelekea shina, nami nikavuta kwa mbele kamba iliyopita kwenye kigingi cha tatu, nikiizungusha kigingi hapo kila ilipolegea. Bomba la mita 6 lina kilo 21. Lilisimama kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kulieleza. Tukalipima kwa timazi pande mbili, tukakaza nyaya hadi zikatoa mlio ukizigonga kwa kidole, bila kuzikaza mno, maana waya uliokazwa kupita kiasi huupinda mlingoti wakati hakuna hata upepo.

Imebaki radi, nayo siipiti haraka, kwa sababu kila masika vilima vile hupigwa. Karibu na shina tulipigilia fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, ya mita 1 na nusu, mahali panapokaa maji ya kuogea ili udongo usikauke, na tukaiunga na mlingoti kwa waya mnene wa shaba usio na kona kali. Kisha, na hili mafundi wengi huliacha, tukaiunga fimbo hiyo na fimbo ya ardhini ya umeme wa nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi ikianguka hata mbali kidogo, nguvu ya umeme katika ardhi ya fimbo moja hutofautiana na ile ya nyingine, na njia ya kuzisawazisha inakuwa kebo ya redio, pamoja na aliyeishika. Pamoja na hayo yote, hakuna waya wa ardhini unaoweza kukuahidi usalama radi ikiupiga mlingoti wenyewe. Mawingu yakikusanyika, kebo ichomolewe kwenye redio na itolewe nje ya dirisha. Ichomolewe yakikusanyika, kabla ngurumo hazijaanza. Zikianza, iache, kaa mbali nayo. Kazi hiyo amepewa mjukuu, na kwa siku ambazo yuko shule tumemfundisha mama kuifikia kebo kwa kupapasa. Kichwa chake tumekizungushia uzi mnene aujue kwa vidole.

Tuliingia ndani. Mwenye nyumba alichukua kebo kwa ule mkono wake wa vidole vitatu, akaipachika nyuma ya redio, akauzungusha ufunguo. Palikuwa na mkoromo kidogo, uliotoka kwenye chaja ya simu iliyokuwa karibu, tukaichomoa, ukakoma. Sauti ya msomaji habari ikajaa chumbani kana kwamba ameketi mkekani pamoja nasi. Nilikuwa nimekwisha anza kumweleza mama habari za nyaya, kwamba zikaguliwe kila baada ya miezi sita na kila baada ya upepo mkali, na kwamba klipu zikionyesha kutu zibadilishwe bila kungoja.

Mama akaniinulia kiganja. "Nyamaza kwanza, mwanangu," akasema. "Nasikiliza."